Na Yeye Yuko Wapi?



Tulipozitembelea familia zilizokimbia vita na kupata hifadhi hapa Lushebere, tulibeba kamera ndogo ili tutunze kumbukumbu ya ziara yetu. Mama mmoja alituomba tumpige picha akiwa na mtoto wake mchanga. Tulimsimamisha mbele ya kibanda chake cha turubai, ukungu mweupe wa milima ya Masisi ukiwa umetanda nyuma yake. Tukabonyeza mara moja, tukaendelea na njia.

Majuma machache baadaye mtoto aliaga dunia. Mama akaja kuiulizia picha ile, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Tulimwonyesha. Milima ilionekana, turubai lilionekana, bali uso wa mtoto ulikuwa kivuli kitupu. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole: «Na yeye yuko wapi?» Tulinyamaza.

Ndipo tulipoamua kujifunza. Fundi mmoja wa picha alitueleza kwamba kamera haijui kilicho cha thamani mbele yake. Hupima mwanga wa eneo zima, na palipo na weupe mwingi huupunguza, hata uso ukamezwa na giza. Kwa hiyo humpasa mpiga picha amgeuze mtu auelekee mwanga; jua la adhuhuri likiwaka, amweke kivulini; abane viwiko mbavuni ili mikono isitetemeke; asogee karibu kwa miguu yake mwenyewe badala ya kuivuta picha kutoka mbali. Na kabla ya yote aombe ruhusa, aulize na jina.

Hapo tuliliona kosa letu. Siku ile tulipiga picha ya ziara yetu. Mama yule hatukumtazama.

Injili ya Marko yasimulia habari za kipofu wa Betsaida, ambaye alipoguswa mara ya kwanza aliwaona watu kama miti inayotembea. Bwana alimgusa tena, ndipo akaona sawasawa. Sisi nasi tulihitaji mguso wa pili.

Uso wa mtoto yule hatuwezi kumrudishia mama yake. Jina lake tumelijua, nasi hulitaja katika Misa ya kuwaombea marehemu. Na picha tunazopiga sasa huwafikia wenyewe kwanza, kabla ya kuingia katika taarifa zetu. Tumwombe Bwana atujalie macho yasiyopita haraka.