Maneno Sita ya Simba

Katika mwaka wangu wa kwanza chuoni, mhadhiri wetu wa sarufi alipofika kwenye hali ya kuamrisha alitutahadharisha kwamba vipo vitenzi vichache visivyofuata kanuni. Hatusemi "ja", tunasema "njoo". Hatusemi "la", tunasema "kula". Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika, kwa sababu hayo nilikuwa nayajua tangu darasa la tatu, na niliyajifunza kwa ajili ya mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Simba, jina ambalo nadhani nusu ya mbwa wa Uganda wanalo. Baba alimleta nyumbani kwetu Matugga, kwenye barabara ya Bombo, akiwa mdogo wa kuenea ndani ya kofia. Baba ni Mwacholi, na alitumikia polisi miaka mingi; Kiswahili alikipata huko. Mama ni Muganda wa Luweero. Nyumbani tulizungumza Kiganda. Kiswahili mama hakukitaka. Alikuwa mtoto mdogo vita vya miaka ya 1980 vilipopita kwao, na Kiswahili alichokisikia wakati ule kilitoka vinywani mwa watu wenye bunduki. Hakuwahi kutusimulia zaidi ya hapo. Basi wakapatana na baba kwamba Kiswahili kitakuwa cha mbwa tu. Njoo, kaa, simama, kula, lala, toka. Maneno sita, na Simba aliyatii yote isipokuwa "toka", ambalo alilisikia alipotaka mwenyewe.

Mwaka 2016, nikiwa na miaka 13, mama akapata mimba. Miaka miwili kabla yake mimba nyingine ilikuwa imeharibika, na tangu hapo majirani walikuwa na maneno: manyoya ya mbwa hayafai kwa mwanamke mwenye mimba, mbwa aliyezoea kudekezwa humwonea wivu mtoto mchanga. Mama hakusema anaamini, wala hakusema haamini. Mwezi wa nane, shule zilipofungwa, baba akatangaza kwamba tunakwenda kumsalimia bibi huko Omoro, na Simba atabaki huko. Bibi alikuwa akiishi peke yake tangu watu walipotoka kambini, na usiku hakuwa na hata kitu cha kubweka.

Sikubisha. Kwetu mtoto habishi. Lakini usiku wa kuamkia safari nilipiga magoti nikaomba mtoto asije. Sikusema afe. Nilisema tu asije, abaki huko anakotoka, ili Simba abaki kwetu. Nilijua yaliyotokea miaka miwili nyuma, na bado niliomba hivyo.

Tuliondoka alfajiri kwa Ipsum ambayo baba aliiazima kwa rafiki yake. Mama mbele na mto nyuma ya mgongo, mimi na kaka zangu wawili katikati, Simba nyuma kabisa pamoja na jeri-keni, magunia na kuku wawili wa zawadi waliofungwa miguu. Kuku hao walituharibia safari. Simba hakuweza kuwatazama kwa utulivu, nao hawakuweza kunyamaza. Kabla ya Luweero alikuwa ametapika mara mbili, ya pili ikiwa begani mwangu. Baba alisimama kwa wauza mananasi akanimwagia maji ya jeri-keni. Mama hakushuka. Alitazama mbele tu mpaka mji ukaisha.

Migyera tulikula nyama choma na mihogo. Nilimpa Simba fungu langu lote, kipande kwa kipande, na mama akaniona. Nilitegemea anikaripie. Alinipa fungu lake.

Kutoka Kafu barabara ilinyooka tukalala, mimi nikiwa nimelaza mkono juu ya kichwa cha Simba. Nilichoamshwa nacho ni kelele. Tulikuwa tumefika Karuma, karibu na daraja la mto Nile, mahali ambapo nyani hukaa kando ya lami wakisubiri abiria wawatupie ndizi. Gari lilikuwa linatambaa nyuma ya lori, na kioo cha nyuma kilikuwa kimeteremshwa chote kwa sababu ya harufu ya matapishi. Simba alirukia mgongoni mwangu, akapita dirishani, akawa barabarani.

Nyani dume mkubwa hakukimbia. Aliinuka akaonyesha meno, na wengine wakaanza kushuka kutoka mitini. Baba alikuwa bado anahangaika kuegesha gari. Mimi nililia "Simba! Simba!" kama vile jina lingesaidia. Hapo ndipo mmoja wa askari waliokuwa wanalinda karibu na daraja alipokuja akipiga hatua ndefu, bunduki begani, akatoa sauti moja: "Kaa!"

Simba akakaa. Katikati ya lami, ulimi nje, akakaa kama mwanafunzi. Askari mwenyewe alishangaa. Nyani nao walishangaa, au ndivyo nilivyoona. Askari akamshika shingoni akamleta mpaka kwenye gari, upande wa mama, akainama dirishani.

Nilimwona mama ameshika tumbo kwa mikono miwili. Midomo ilikuwa inatetemeka. Nilikumbuka sala yangu, nikataka kuifuta, sikujua inafutwaje.

"Asante, afande," mama akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili masikioni mwangu. Baba aligeuka akamtazama, akasahau hata kumshukuru yule askari. Tulivuka daraja kimya, maji meupe chini yetu, na tulipofika Kamdini mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akalia machozi, akasema mtoto anapiga mateke, akaurudisha mkono wangu nyuma ya kiti, ubavuni mwake. Kweli alikuwa anapiga. Nilisema sala nyingine, fupi, ya kuipinga ile ya kwanza.

Kuagana na Simba sitakueleza. Alifungwa chini ya mwembe, akabweka tulipoondoka, basi.

Wiki moja baadaye bibi alipiga simu. Mbwa wenu ni kiziwi, alimwambia baba kwa Kiacholi. Nikimwita haji, nikimpa ugali ananitazama tu. Baba akacheka, akaanza kumfundisha mama yake maneno sita kwa simu, neno kwa neno, naye bibi akiyarudia kwa sauti ya mtu anayeitikia misa. "Njoo" alilipata siku hiyohiyo.

Mdogo wangu alizaliwa mwezi wa kumi, siku ya mvua, akaitwa Akot, kama Waacholi wanavyowaita wasichana waliozaliwa mvua inaponyesha. Hatukurudi Omoro mpaka Desemba ya 2018. Akot alikuwa na miaka miwili na alijua Kiganda peke yake. Bibi alijua Kiacholi peke yake. Siku ya kwanza walitazamana tu. Jioni bibi alitoka jikoni na sahani ya Simba, akaita kwa nguvu, "Njoo! Kula!" Simba akaja. Akot naye akaja, akachuchumaa kando ya mbwa, akasubiri sahani yake.

Bibi akanitazama mimi, kisha akamtazama mama. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage. Hakuinua macho.

"Akot," akasema, "kaa vizuri."