Somo la Anga Ni Lao Pia

Kasanga, Rukwa

Mpwa wangu mpendwa,

Ziwa limetulia, dagaa wa wiki hii ni wengi mpaka vichanja vya kuanikia havitoshi.

Mama yako alinisomea ujumbe wako. Nimefurahi kwamba umepangiwa kufundisha sayansi kwenye shule yenye kitengo cha watoto wasioona. Ila hilo la mwisho limenikosesha usingizi: kwamba unaingia kwenye mada ya mfumo wa jua, na mwenzako amekushauri wale wanane wa kitengo hicho uwape kazi nyingine wakae pembeni, maana anga ni jambo la macho. Unaniuliza nasemaje. Nasema usikubali. Na kwa kuwa nimekaa na watoto wa namna hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu, niruhusu nikueleze kwa kirefu.

Nilipokuwa nafundisha huko huko Sumbawanga uliko, nilikuwa na mvulana wa huku mwambao, haoni kabisa tangu kuzaliwa. Siku moja niliuliza darasani nani anajua mwezi umefikia wapi. Wanaoona wakageukia dirishani. Yeye akajibu papo hapo: "Leo ni giza la tatu, mwalimu." Na alikuwa sahihi. Alihesabu tangu siku aliyoondoka nyumbani.

Wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo nikufafanulie. Wavuvi wa dagaa hapa wanavua kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu ya kuwakusanya samaki, na boti nyingi hubaki ufukweni. Mwezi ukishapita upevu, kila usiku huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50, na saa za giza za mwanzo wa usiku zinazidi kurefuka, hadi unafika wakati ambao wavuvi wenyewe wanauita giza, boti zote ziko majini mpaka alfajiri. Mtoto asiyeona anayelala nyumba iliyo karibu na ziwa anayasikia hayo yote. Anajua usiku wa injini na usiku wa kimya. Anajua asubuhi ambayo ufuko wote unanuka dagaa wabichi na asubuhi ambayo akina mama wamekaa tu wakipiga soga. Tayari ana kalenda ya siku 29 na nusu, na hakuna aliyemfundisha. Alichokosa ni kuelezwa sababu.

Sababu hiyo unaweza kuiweka mikononi mwake. Chukua mpira, nusu yake uibandike kipande cha gunia, nusu nyingine uiache laini. Upande wa gunia ndio unaopigwa na jua. Mwambie mtoto asimame katikati ya chumba, yeye ni dunia. Dirisha ndilo jua. Mwenzake auzungushe mpira kumzunguka, gunia likielekea dirishani muda wote, bila kugeuzwa. Mtoto aguse tu ule upande unaomwelekea yeye. Mpira ukiwa kati yake na dirisha, vidole vinakuta ulaini mtupu: hilo ndilo giza la wavuvi. Mpira ukifika upande wa pili, vinakuta gunia tupu: huo ni mwezi mpevu. Njiani vinakuta nusu kwa nusu. Yule mvulana alipofika kwenye robo alinyamaza, akarudia mzunguko wote peke yake, kisha akauliza kwa nini basi jua halipatwi kila giza linapoingia. Swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtoto anayeona wa darasa lile. Uwe na jibu tayari: njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5, ndiyo maana mara nyingi hupita juu au chini ya jua.

Sasa tazama kile kielelezo cha mfumo wa jua kilichobandikwa ukutani darasani kwako. Kinampotosha hata anayeona. Sayari zimepangwa zikikaribiana, karibu zote saizi moja, na jua limekatwa nusu ili karatasi itoshe. Watoto wanaondoka na picha hiyo maisha yao yote. Kwa hiyo ukitoka nje ya kielelezo kwa ajili ya hao wanane, darasa zima litafaidika.

Fanya hivi. Waambie wasuke mpira wa makaratasi wenye upana wa sentimita 16. Hilo ndilo jua. Dunia ni punje moja ya ulezi, milimita moja na nusu, kwa sababu jua lina upana wa dunia mara 109. Mpe kila mtoto punje hiyo aisikie kati ya kidole gumba na cha shahada, huku mkono wa pili umelala juu ya mpira. Wape muda, usiwaharakishe. Halafu mwezi: chembe ya mchanga, sentimita nne na nusu kutoka kwenye ulezi. Mwaka 1969 binadamu alitua kwenye chembe ile, na hadi leo hakuna mtu aliyekwenda mbali zaidi ya eneo lake.

Kisha watembee. Kutoka kwenye mpira hadi kwenye ulezi ni hatua 25. Mshtarii ni gololi, nayo iko hatua 130. Neptuni ni njegere ndogo, hatua 750, nje kabisa ya uwanja wa shule, zaidi ya nusu kilomita. Weka mtoto kila kituo, apige makofi au aite jina la sayari yake. Aliyebaki kwenye jua atasikia Utaridi na Zuhura karibu naye, atasikia Mshtarii kwa mbali, na Neptuni huenda asimsikie kabisa. Umbali anaoujua asiyeona ni wa miguu na masikio, naye anaujua vizuri kuliko sisi. Wakishachoka kutembea, waambie nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua, kwa kipimo hicho hicho, iko kama kilomita 4,700: ungetoka Sumbawanga, ukaimaliza Misri yote, ukaingia baharini.

Mashimo ya mwezini ni rahisi. Ndoo ya tope zito na mawe ya kuangusha vinatosha. Ukingo unaoinuka, kina cha katikati, tope lililorukia pembeni, vyote vinashikika. Waambie tu ukubwa halisi: shimo liitwalo Copernicus lina upana wa kilomita 93, na barabara ya kutoka Sumbawanga hadi bandari yetu ni kilomita 112. Wameipanda basi, wanajua inavyochosha.

Kwenye ramani za nyota ndiko walimu wengi wanakoharibu, kwa hiyo hapa nisikilize. Usiwakatie nyota ya kadibodi yenye pembe tano. Nyota ni tufe, na mtoto asiyeona akishashika ile yenye pembe ataamini ndiyo nyota ilivyo, hana namna ya kujisahihisha akitoka nje usiku. Tumia karatasi ngumu ya nukta nundu na gundi: punje ya mahindi kwa nyota angavu, ulezi kwa hafifu. Anza na Msalaba wa Kusini. Nenda kwa Jabari na zile tatu za mkanda wake zilizojipanga mstari. Kilimia kiweke kama kifungu kidogo cha punje zilizobanana. Mkulima wa Ufipa amekitazama tangu enzi za mababu kujua majira ya kulima, na mtoto wa mkulima anayo haki ya kukigusa. Usijaze karatasi. Kidole kikikuta vitu vingi mno kwa pamoja hakisomi chochote.

Na usiiruke mada ya rangi. Utaambiwa rangi hazina maana kwao. Lakini mwanasayansi anapotazama rangi ya nyota anatafuta joto. Ile nyekundu ya begani kwa Jabari, Ibuti la Jauza, ina joto la kama nyuzi 3,300 za Selsiasi usoni pake. Jua letu lina kama 5,500. Ile ya buluu ya mguuni, Rijili ya Jabari, inapita 11,000. Mpe asiyeona joto lenyewe. Atakuwa amepata kile ambacho mwenzake anakifikia kwa kupitia rangi.

Mwenzako akikuuliza yote haya yatawafikisha wapi, mtajie Wanda Díaz-Merced. Ni mwanamke wa Puerto Rico, alikuwa anasoma fizikia chuoni kisukari kilipomchukulia uoni wake. Hakuacha. Aligeuza takwimu za darubini kuwa sauti: mwanga ukizidi, sauti inapanda, ukipungua, inashuka. Kwa masikio yake akawa anasikia ndani ya takwimu hizo mambo ambayo michoro ilikuwa imeyafunika kwa kelele nyingi za namba. Alipata shahada ya uzamivu Glasgow, kisha akaja kufanya kazi hapa hapa Afrika, Cape Town, kwenye ofisi ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia inayoshughulikia maendeleo, na wanafunzi wa shule ya wasioona ya Athlone wakafikiwa na njia hizo.

Jambo hili linanigusa sana, mpwa wangu, kwa sababu sehemu kubwa ya ulimwengu hakuna jicho linaloiona, la kwangu wala la kwako. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, akiwa bado mwanafunzi Cambridge, aligundua nyota inayotuma mapigo ya redio kila baada ya sekunde moja na theluthi. Unaweza kulipiga pigo hilo kwa kidole mezani, na darasa zima, wanaoona na wasioona, likawa limelipokea sawasawa. Majirani zetu wa Zambia, ambao milima yao naiona kutoka hapa nyumbani, ni washirika katika mradi wa darubini za redio unaojengwa Afrika Kusini, ambako tangu 2018 madishi 64 ya MeerKAT yanapokea mawimbi jangwani Karoo. Mawimbi hayo yanaingia kwenye kompyuta yakiwa tarakimu. Tarakimu zinasomeka kwa nukta nundu. Shule ya Buigiri kule Dodoma imekuwa ikiwafundisha watoto wetu wasioona tangu 1950. Imeshathibitika kwamba wanaweza kusoma. Kinachobaki ni tuwape vitu vyote vya kusoma, anga ikiwemo.

Bado nakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa. Pete kamili ilionekana Rujewa, Mbarali, karibu saa sita mchana, kwa takriban dakika tatu. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alikuwa ameeleza mapema, na watu wengi wakasafiri kwenda huko. Sisi Sumbawanga tulikuwa nje ya njia ya pete, ila sehemu kubwa ya jua ilifunikwa. Watoto wanaoona walikuwa wanagombania miwani maalumu. Binti mmoja asiyeona alisimama ameinua uso, hasemi na mtu. Akaniuliza, "Mwalimu, kuna wingu limepita?" Nikamwambia hakuna. "Basi ndio lenyewe," akasema, "shavu limepoa." Alilitambua kabla ya wengi waliokuwa kwenye foleni ya miwani, na ndiye aliyetuambia lilipoanza kurudi.

Siku hizi kuna kifaa kidogo kiitwacho LightSound, kilichoanza kutengenezwa mwaka 2017 na Allyson Bieryla wa Harvard na wenzake, Díaz-Merced akiwa mmoja wao. Kinageuza mwanga wa jua kuwa sauti wakati wa kupatwa. Maelekezo ya kukitengeneza yametolewa bure, na naamini fundi mzuri wa simu hapo mjini anaweza kukiunganisha akipata vipuri.

Kuhusu hao wawili uliosema wana ualbino: uoni wao ni hafifu, na mwanga mkali wa mchana ndio unaowatesa zaidi. Usiwachanganye na wale wasioona kabisa. Wakati wa kutembea na ulezi wawe na kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga, na mfanye asubuhi na mapema. Lakini usiku ni wao. Giza haliwachomi macho, na mwezi ukitazamwa kwa darubini, au picha yake ikikuzwa kwenye simu, wengi wao huuona vizuri. Onyo moja halina msamaha: mtoto yeyote, hata mwenye uoni kidogo kiasi gani, asilikodolee jua macho. Kidogo alichonacho kinaweza kupotea.

Tarehe 21 Mei 2031 jua litapatwa tena kwa pete, na njia yake itakatiza Zambia na Tanzania. Hao wako wa darasa la nne watakuwa sekondari. Ningependa sana siku hiyo wawe ndio wanaowaeleza wenzao kinachotokea, wakiwa na kifaa chao cha sauti mezani. Zungumza na mwalimu mkuu mapema kuhusu vipuri, maana mambo ya fedha huchukua muda.

Ulezi nimeukabidhi kwa dereva wa basi la kesho asubuhi, kilo moja, pamoja na gololi kumi na vipande vya gunia. Mfuko una jina lako, upokee stendi. Karatasi za nukta nundu omba hapo hapo kwenye kitengo. Ukishamaliza kipindi cha kwanza niandikie waliuliza nini, swali kwa swali, na yale yaliyokushinda uyatenganishe ili tuyatafutie majibu pamoja.

Mjomba wako