Laiti Kionga Ingalibaki

Kiswahili kimejaaliwa viambishi viwili vya masharti ambavyo washairi wa pwani wamevitumia tangu zama za kale: -nge- na -ngali-. Wanasarufi wa zamani walivitenga. -Nge- waliipa jambo ambalo bado lawezekana, na -ngali- wakaipa jambo ambalo mlango wake umekwisha kufungwa. Katika mazungumzo ya kila siku watu huvichanganya, na hapana anayekosa usingizi kwa sababu hiyo. Walakini kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, pale Mto Ruvuma unapomwaga maji yake baharini katikati ya mikoko, tofauti hiyo ina uzito. Hapo pana kipande cha ardhi cha kilomita za mraba 400 hivi, ambacho habari yake nzima yaweza kusimuliwa kwa -ngali-. Jina lake ni Kionga.

Leo Kionga imo nchini Msumbiji, katika wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado. Imekaa kusini mwa mlango wa Ruvuma, na Msimbati, ulio miongoni mwa vijiji vya mwisho vya pwani ya Mtwara, umekaa kaskazini. Kimakwe husikika ng'ambo zote mbili, Kimakonde vivyo hivyo, na Kiswahili huvuka mto pamoja na samaki, chumvi na harusi. Mgeni asiyeonyeshwa ramani asingejua ni wapi nchi moja inakwisha na nyingine inaanza.

Ramani hiyo ilichorwa, ikafutwa, ikachorwa tena katika muda wa miaka 33 tu. Mwanzo wake unawahusu watu wa Unguja. Mwaka 1886 tume ya Waingereza, Wafaransa na Wajerumani ilikubali kwamba Sultani wa Zanzibar ana mamlaka juu ya ukanda wa maili kumi wa pwani, kuanzia Mto Minengani katika ghuba ya Tungi hadi Kipini. Kionga ilikuwa ndani ya ukanda huo. Lakini Desemba ya mwaka huo huo Wajerumani na Wareno walipatana kwamba Ruvuma ndiyo iwe mpaka baina yao, na Februari 1887 manowari za Wareno zikaipiga Tungi kwa mizinga na kuitwaa. Sayyid Barghash, ambaye wakati huo alikuwa akishuhudia milki yake ikimegwa kila upande, alifariki Machi 1888.

Hapa ndipo wapenzi wa historia huvuta pumzi na kusema: laiti Tungi ingalisalia mikononi mwa Sultani! Msomaji na afuate njia hiyo mpaka mwisho wake. Pwani yote ya Mrima kusini mwa Umba ilikodishwa kwa Wajerumani mwaka 1888, kisha ikauzwa kwao moja kwa moja mwaka 1890 kwa mark milioni nne. Tungi na Kionga zingaliuzwa pamoja nayo. Bendera ya Zanzibar ingaliteremshwa hata hivyo, ila miaka michache baadaye na kwa karatasi badala ya mizinga. Si kila -ngali- inayofika mbali.

Njia ya pili ina mambo zaidi. Wajerumani walidai kwamba karibu na bahari mpaka haufuati mto, bali unafuata mstari wa nyuzi 10 na dakika 40 kusini mwa Ikweta. Mwaka 1894 wakaitwaa Kionga. Kwa miaka 22 kijiji hicho kikawa chini ya utawala mmoja na Mikindani na Lindi, utawala mkali uliotumia Kiswahili katika kazi zake na maakida katika kukusanya kodi. Kisha ikaja vita kuu. Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ureno Machi 1916, na Aprili Wareno wakaiteka Kionga bila ya shida kubwa. Mwezi Mei walijaribu kuvuka Ruvuma wakarudishwa. Septemba walivuka, wakafika mpaka Newala, na kabla mwaka haujaisha wakatimuliwa. Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck akavuka yeye, kwenda kusini, na kuwapiga Ngomano. Vita vilipokwisha, katika koloni lote la Kijerumani la Afrika Mashariki Wareno hawakuwa na cha kuonyesha ila Kionga. Mwaka 1919 wakubwa walioshinda vita wakawaachia. Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, Rwanda na Burundi kwa Wabelgiji, na pembetatu hiyo ndogo ikaenda kwa Wareno kama bahashishi.

Sasa achukuliwe mtoto wa kike aliyezaliwa Kionga mwaka 1900. Jina lake halihitajiki, kwani walikuwapo wengi. Alizaliwa chini ya Mjerumani. Akiwa na miaka 16 aliamka akiwa raia wa mfalme wa bahati tu, ambaye hata hakuwa mfalme: Ureno ilikuwa jamhuri tangu 1910. Watoto wake waliingia katika zama za kazi ya shuruti iliyoitwa shibalo, na za pamba iliyolimwa kwa amri na kuuzwa kwa bei ya mnunuzi. Shule ilikuwa haba, na lugha yake Kireno. Alipofika miaka 61 alisikia kwamba ng'ambo ya mto pana uhuru. Alipokuwa na miaka 64 vita vya ukombozi vilianza, na wajukuu wake yamkini walikuwamo katika maelfu waliovuka Ruvuma kwa mitumbwi, wakapokewa Tanganyika, wengine wakapelekwa kambi ya Rutamba, Lindi. Kama alijaaliwa umri, bendera ya nchi yake mwenyewe aliiona tarehe 25 Juni 1975.

Kionga ingalibaki Tanganyika, bibi huyo angaliona uhuru miaka 14 mapema. Wanawe wangalisoma Kiswahili darasani. Wajukuu wangalikuwa upande wa wenyeji wanaopokea wageni, siyo upande wa wageni wanaopokewa. Hilo si jambo dogo. Walakini haifai kumpamba maisha ya peponi. Kusini mwa Tanganyika palisahauliwa kwa muda mrefu. Baada ya 1947 wanawe wangalijenga reli ya mradi wa karanga kutoka Mtwara kuelekea Nachingwea, kisha wangaliiona ikifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1970 yeye mwenyewe angalihamishwa shambani kwake kwa operesheni ya vijiji. -Ngali- iliyo ya kweli hutaja hasara zake pia.

Pana -ngali- nyingine inayopendwa zaidi siku hizi, nayo ni ya gesi. Tangu 2010 gesi nyingi mno imegunduliwa katika bahari ya Cabo Delgado, na mwenye kupiga hesabu barazani husema kwamba Kionga ingalibaki, mpaka wa baharini uliokubaliwa mwaka 1988 ungalianzia kusini zaidi. Hapo tafakuri hugeuka tamaa. Mtwara haikukosa gesi: ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Lakini ilipoamuliwa ipelekwe Dar es Salaam kwa bomba, watu wa Mtwara waliandamana Januari 2013 wakiuliza wao wamebakiwa na nini, na Mei ya mwaka huo ghasia zikazuka tena na roho za watu zikapotea. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Aliyeshindwa kugawana kilichomo chunguni ataota chungu cha jirani kwa faida gani?

Swali la Kionga lenye maana linahusu watu. Mwaka 2017 vita vipya vilianza Cabo Delgado. Oktoba 2020 vilivuka mto: kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilivamiwa, na waliosalimika wakakimbia kila upande, wengine kaskazini, wakipitia Kionga kuelekea Ruvuma. Mwaka huo huo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kwamba maelfu ya waliovuka kuingia Tanzania walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Hofu iliyoleta uamuzi huo yaeleweka. Kitaya ilikuwa haijasahaulika. Hata hivyo, mama wa Kionga aliyefika ukingoni na mtoto mgongoni alizuiwa na mstari uliochorwa ulipo kwa sababu Ureno ilihitaji zawadi ya vita. Ungalichorwa pale Wajerumani walipoutaka, mama huyo angalikuwa raia anayekimbilia kwa ndugu zake, wala hapana ambaye angalimwuliza karatasi.

Hayo hayaidai Kionga irudi. Mwaka 1964 mjini Cairo wakuu wa nchi za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoirithi, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele wa azimio hilo. Walijua kwamba bara lingeteketea kama kila kijiji kingedai -ngali- yake. Nchi ile ile iliyosimamia mipaka isiguswe ndiyo iliyowafungulia wapigania uhuru wa Msumbiji kambi Nachingwea na wakimbizi wao makazi Rutamba. Mpaka uliachwa mahali pake, na mlango ukaachwa wazi. Mambo hayo mawili hayakugombana.

Mwaka 2010 daraja lilifunguliwa Negomano, likaitwa Daraja la Umoja. Ni daraja hilo hilo ambalo miaka 11 baadaye waliorudishwa walielekezwa kwake. Jina lake lingali limeandikwa.

Majuto ni mjukuu, wahenga wamesema, na -ngali- ndiyo lugha yake. Haiwezi kumfufua binti wa 1900 wala kumrudishia miaka 14 ya uhuru. Lakini hufundisha jambo moja: kwamba mtu wa ng'ambo ni mgeni kwa bahati ya kalamu tu. Mwenye kulijua hilo hubakiwa na kile kiambishi cha pili, ambacho mlango wake haujafungwa. Mtumbwi mwingine ungetokea leo alfajiri kutoka upande wa Kionga, na ndani yake mna mama na mtoto, wangepokewaje?