Kichwa na Mkia wa Neno

Siku moja hapa Bagamoyo tuliwafundisha watoto neno la Kilatini "bulbus", yaani kichwa cha mmea kilicho kama kitunguu. Warumi walilipata kwa Wayunani, waliosema "bolbos". Vikiwa vingi ni "bulbi": wao waligeuza mkia wa neno, sisi twageuza kichwa, kitunguu, vitunguu.

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, na kitunguu saumu ni cha kufunga?" Tukajibu upesi, "Ndiyo."

Jioni mzee mmoja akatusahihisha: saumu hiyo ni "thumu" ya Kiarabu, jina la kitunguu chenyewe, saumu ya kufunga ni neno jingine.

Kesho yake tukakiri kosa letu mbele ya watoto. Wasomaji wapenzi, tuliyajua ya Roma, tusiyajue ya jikoni mwetu.