Kutuma na Kupeleka

Katika Injili ya Yohana, sura ya 20, aya ya 21, Yesu aliyefufuka anawaambia wanafunzi wake kwamba kama alivyotumwa na Baba, ndivyo naye anavyowatuma wao. Nimelieleza jambo hilo kwa kitenzi kimoja, lakini Kiyunani kina viwili: cha kwanza ni apostello, cha pili ni pempo. Wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, waliihifadhi tofauti hiyo. Kwao Baba anatuma, na Mwana anapeleka. Tafsiri za baadaye, Habari Njema miongoni mwake, zimeandika kutuma mara zote mbili.

Je, kuna kilichopotea? Mtaalamu wa Kijerumani, Karl Heinrich Rengstorf, alishikilia kwamba apostello hubeba mamlaka: atumwaye husimama mahali pa aliyemtuma, ilhali pempo hutaja tendo la kutuma tu. Wengi waliomfuata hawakukubali, nami nipo upande wao. Katika Yohana, Yesu yule yule husema ametumwa kwa kitenzi cha kwanza, kisha humtaja Baba aliyemtuma kwa kitenzi cha pili, wala mamlaka yake haipungui hata chembe. Yohana hubadilisha maneno kama mshairi anayekwepa kurudia kina.

Hata hivyo, maneno mawili yenye cheo kimoja yaweza kuwa na sauti mbili. Apostello imeundwa kwa apo, yaani kutoka, na stello, yaani kuandaa na kuweka tayari. Ndani yake mna mtu anayefungiwa mzigo na kuagwa. Na katika Kiyunani cha kabla ya Ukristo, apostolos liliweza kuwa jina la msafara wa merikebu za vita. Pempo nayo ina utu uzima wake. Tangu enzi za Homer ilibeba pia maana ya kusindikiza. Humo ndimo lilimotoka pompe, maandamano ya sherehe, na humo pia limo propempo, kitenzi kilichotumika katika Matendo 20:38 pale wazee wa Efeso walipomfuata Paulo hadi merikebuni, wakilia, kwa kuwa aliwaambia hawatamwona tena.

Sasa sikiliza Kiswahili. Nikimtuma mtoto dukani, mimi nimebaki barazani, naye ameondoka na fedha yangu na neno langu. Nikimpeleka mtoto shuleni, nimemshika mkono. Najua barua nayo hupelekwa bila mwandishi kunyanyuka kitini, kwa hiyo sidai kwamba hii ni kanuni isiyovunjika. Lakini anapopelekwa mtu, sikio letu husikia kwanza nyayo za wawili. Sidhani wafasiri walikusudia hayo; yamkini walihitaji tu kitenzi cha pili, na lugha ikawapa zaidi ya walichoomba, tena ikawapa maana ile ile ya kale iliyokuwa imelala ndani ya pempo.

Tuma yenyewe ina ukoo mpana. Kuna kiishio cha -e, cha kale, kinachotaja aliyetendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mshinde ni aliyeshindwa, na mtume ni aliyetumwa. Neno hili wamisionari hawakulibuni. Walilikuta limekwisha kung'arishwa na washairi wa pwani, waliomwita hivyo Muhammad katika tenzi zao, likisimama mahali pa rasul, ambalo nalo katika Kiarabu hutoka katika mzizi wa kutuma. Pembeni mwa mtume yuko ndugu yake mwenye majonzi, mtumwa. Mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi, Paulo wa Union Version hujiita yote mawili, na sikio la Mswahili husikia mzizi mmoja ukigonga mara mbili. Katika Kiyunani, doulos na apostolos hayana undugu wowote. Ndani ya kanisa la Mkunazini, Unguja, lililojengwa penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, neno hilo halisomeki kwa wepesi. Nawaelewa walioandika mtumishi badala yake, na kwa bahati njema mzizi hawakuuacha.

Kwa peleka ni mgumu zaidi kukubali. Mdogo wangu wa kike anaondoka mwezi ujao kwenda kuhudumu katika usharika ulio mbali na kwetu, nami nimeombwa niisome aya hiyo katika ibada ya kumuaga. Aliyepanga ibada alinipa nakala ya tafsiri mpya, akasema lugha yake ni nyepesi kwa vijana. Ni kweli, ni nyepesi. Lakini mama yetu, ambaye miguu haimruhusu tena kusafiri, atakuwa ameketi safu ya mbele. Nimeomba ruhusa nisome ile ya 1952.