Kipindi Kisichokuwa na Mtihani

Mwaka 1978, tulipoingia kidato cha tano katika shule ya bweni mjini Mtwara, ratiba ilikuwa na kipindi ambacho wengi walikitumia kufua nguo au kumalizia hesabu. Kiliandikwa Elimu ya Viungo. Kwetu hakikuwa na mtihani wa taifa, na kwa hiyo hakikuwa na heshima. Tena alfajiri tulikuwa tumeshakimbia mchakamchaka, kiranja akianzisha wimbo nasi tukiupokea. Na vita vya Kagera vilipoanza Oktoba mwaka huo, nyimbo ziligeuka za vita na mwendo ukaongezeka. Tuliona jasho hilo linatosha.

Mwalimu wetu, aliyesomea Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, hakukubali. "Kukimbia mnajua tangu utotoni," alituambia. "Hapa mtajifunza kwa nini mnachoka."

Alitukusanya chini ya mkorosho, akatuonyesha namna ya kuugusa mshipa wa shingo kwa vidole viwili. Alitazama saa yake ya mkono, akapiga filimbi, na baada ya sekunde 15 akapiga tena. Hesabu tuliyopata tukaizidisha kwa nne. Kisha tukazunguka uwanja mbio na kuhesabu upya: mara tuliposimama, baada ya dakika moja, baada ya dakika mbili. Kila mmoja aliandika mapigo yake daftarini. Mwenzetu aliyekuwa tegemeo la shule katika riadha, moyo wake ulitulia upesi, wetu ukiwa bado unadunda. Mwalimu akaeleza kwamba moyo uliozoezwa husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hivyo haulazimiki kwenda mbio. Waliosoma baiolojia walikuwa wameuchora moyo huo ubaoni wiki chache tu kabla. Siku hiyo waliukuta shingoni mwao.

Siku nyingine alitupeleka ufukweni Shangani maji yakiwa yamekupwa. Tulikimbia kwenye mchanga mgumu ulioachwa na bahari, kisha umbali uleule kwenye mchanga mkavu wa juu. Wenzetu waliokulia pwani ya Msimbati walijua toka zamani upi unamaliza nguvu. Sababu ndiyo waliyoipata pale: mchanga mkavu hudidimia, na sehemu ya nguvu ya mguu inapotea humo badala ya kukusukuma mbele. Vifaa havikutukwaza. Tuliruka juu kwa kuvuka mwanzi na kuangukia magunia ya korosho tuliyoyajaza sufi.

Somo ninalolikumbuka kuliko yote lilikuwa la chaki. Aliandika ubaoni jina la mwanariadha wetu Filbert Bayi na muda wake wa Christchurch mwaka 1974: mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, mbio alizoziongoza toka mwanzo hadi mwisho huku John Walker akimfukuzia. Akatutaka tugawe. Tulipata karibu sekunde 56.6 kwa kila mita 400. Tukatoka kwenda uwanjani, na aliyekuwa na mbio kupita sote hakuweza kumaliza hata mzunguko mmoja kwa muda huo. Bayi aliunganisha mitatu na robo tatu.

Mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona hakukimbia Montreal?" Akatueleza jinsi Tanzania na nchi nyingine za Afrika zilivyosusia Olimpiki ya 1976, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na Afrika Kusini ya makaburu. Waliokulia Kilambo, kandokando ya Ruvuma, waliokuwa wamewaona wakimbizi wa Msumbiji wakivuka mto kabla ya uhuru wa 1975, hawakuhitaji maelezo zaidi. Redio Tanzania ilipotangaza mwaka 1980 kwamba Bayi na Suleiman Nyambui wamepata medali za fedha Moscow, tulishangilia tukijua miili ile ilikuwa imefanya kazi gani.

Nimefundisha hadi kustaafu, na sikuacha kuwahesabisha wanafunzi wangu mapigo ya moyo. Nimeona michezo ya shule ikisimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kurudishwa baadaye. Mwaka 2019 UMISSETA ya taifa, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikafanyika hapahapa Mtwara. Mwaka 2024 serikali ilipotangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, michezo ilipewa kundi lake. Nilifurahi sana kwamba sasa somo litakuwa na mtihani wake.

Lakini mtihani peke yake hautalipa somo heshima. Likiangukia mikononi mwa mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache, vijana watakariri majina ya misuli ambayo hawajawahi kuichosha. Sisi hatukuwa na mtihani wala vifaa vya dukani. Tulikuwa na mwalimu aliyelisomea somo lake na kutaka tulielewe. Wizara ianze na walimu wa namna hiyo, na iwaajiri kwa ajili ya somo hilo.