Nilimzuia Kuweka Sahihi

Mimi ndiye niliyemwambia asiweke sahihi. Mama huyu, mzaliwa wa Uvira, alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nyama hapa Iowa mpaka mgongo ukamshinda. Hifadhi ya Jamii ya Marekani ilipomnyima mafao ya ulemavu, alipata wakili wa kumsimamia rufaa, akaniletea mkataba nimsomee. Niliona asilimia 25 kwenye ukurasa wa kwanza, nikaishia hapo.

"Mama, huyu atakula robo ya hela yako kila mwezi."

"Mpaka nife, mwanangu?"

Nikajibu ndiyo. Pale kanisani mimi ndiye ninayetegemewa kwa Kiingereza, na niliona aibu kusema ngoja kwanza nisome. Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya Biblia yake.

Haikuwa kweli. Robo hiyo hukatwa kwenye malimbikizo tu, yaani fedha za miezi aliyostahili kulipwa wakati kesi ikisubiri. Tena ina kikomo: mwaka ule dola 7,200, na Novemba 2024 kilipandishwa hadi dola 9,200. Robo ikizidi kikomo, wakili anapata kikomo. Hifadhi ya Jamii yenyewe huidhinisha ada, huizuia na kumlipa wakili, na zilizobaki humfikia mwenye mafao. Malipo ya kila mwezi yanayofuata hayaguswi. Kesi ikishindwa, mkataba wa namna ile haumpi wakili ada. Mengi ya hayo yalikuwa ukurasa wa pili.

Siku 60 za kukata rufaa zikapita. Hata hapo angeweza kuomba asikilizwe kwa kuchelewa, kwani kutojua lugha ni jambo linalozingatiwa. Hilo nalo sikulijua. Alikata tamaa zaidi ya mwaka kabla ya kuomba upya. Alikubaliwa, lakini mafao yale hulipwa nyuma ya ombi kwa miezi isiyozidi 12. Ile ya kabla yake, aliyolala kitandani wanawe wakichangishana kodi ya nyumba, haikulipwa. Nilimkinga na robo, nikamkosesha yote ya miezi ile.

Nimemweleza, nikamwomba radhi. Lakini maneno hayo hayo niliwaambia na wengine, wakaniamini. Nawapigia simu mmoja mmoja. Kuna baba mmoja ambaye siku zake hazijaisha. Kesho asubuhi nampeleka kwa wakili, na mkataba tutausoma wote.